Majina ya Kampuni ya Mchumba Wangu

Mjukuu wangu yuwafanya kazi katika kampuni inayotunza kompyuta za watu wengine. Mwaka juzi ilikuwa kampuni ya "huduma". Mwaka jana ikawa ya "suluhisho". Sasa mkubwa wao amerudi safari na neno jingine, na kijana alinijia hapa analalamika kwamba hajui hata ajitambulishe vipi kwa watu. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Maneno kama hayo nusura yaniozeshe mume nisiyemtaka, na hadi leo nikikumbuka nashusha pumzi.

Ilikuwa siku za mwisho mwisho kabla ya uhuru. Kwetu ni Likoni, baba na ndugu zake wakilima minazi na mihogo nyuma kidogo ya Shelly Beach. Nilikuwa mwari, sitoki ila na mama, nimejifunika buibui. Nikaposwa na watu wawili. Mmoja alikuwa kijana wa Changamwe, mtoto wa watu tuliowajua kwa mbali. Mimi nilimwona arusini kwa shangazi yangu, amekunja mikono ya kanzu akigawa pilau na kumtania kila mtu, na moyo wangu ukaenda, sifichi. Wa pili alikuwa mwenye duka Kisauni, mgane. Mtu mwema, simsemi vibaya, lakini binti zake walikuwa wakubwa kuliko mimi!

Posa kwetu haijibiwi papo hapo. Watu wa mume huja wakaeleza kijana wao ni nani na yuwafanya nini, kisha upande wa mke humtuma mtu kimya kimya akamchunguze, mwenyewe hana habari. Mchunguzi wetu alikuwa ami yangu, kaka yake baba. Akishasema yeye, hakuna wa kusema tena.

Tatizo lilikuwa kazi ya kijana yule. Kule Changamwe, maghala ya mafuta na viwanda hayakutaka tena kuajiri makarani wengi wa hesabu. Mzungu mmoja akaona nafasi yake, akafungua ofisi, akaleta mashine za kujumlisha zenye mkono wa kuvuta, akaandika vijana kazi. Viwanda vikawa vinampelekea karatasi zao za mishahara na mizigo, vijana wanapiga hesabu, wanazirudisha. Ndiyo kazi yenyewe, hakuna zaidi. Lakini Mzungu yule alikuwa na ugonjwa wa majina. Kila akitoka likizo kwao, au akisoma gazeti jipya, ubao wa mlangoni hufutwa ukaandikwa upya, na vijana wakalifasiri jina jipya kwa Kiswahili wapate kuwaambia watu wao.

Shangazi yake kijana alipokuja mara ya kwanza, alisema kijana yuko Ofisi ya Makarani wa Kukodi. Baba akakunja uso. Kwake yeye kitu cha kukodiwa ni baiskeli. Alipokuja kufuata jibu, akasema kwa fahari kwamba kijana yuko Kampuni ya Mashine za Hesabu. Safari ya tatu akaja na sahani ya kashata, tukiwa bado tunazila akasema kijana sasa yuko Kampuni ya Huduma za Kisasa. Mama akamwuliza kama amehama kazi.

"La, hajahama. Ni pale pale."

Alipokwenda zake, baba alisimama uani mikono kiunoni. "Huyu ana kazi tatu, ama hana hata moja?"

Ami akatumwa. Akavuka feri asubuhi, akapanda basi mpaka Changamwe, akaulizia Kampuni ya Huduma za Kisasa. Akauliza kwa muuza chai, akauliza mabawabu, akamwuliza hata fundi wa rangi aliyekuwa juu ya ngazi. Wote wakamwambia haipo. Alirudi kofia imelowa jasho, na uso wake ulikuwa jibu tosha.

"Hakuna kampuni hiyo," akamwambia baba. "Tumedanganywa."

"Basi," baba akasema, "Ijumaa mtu wa Kisauni apewe jibu lake."

Nilikuwa upande wa pili wa pazia, nakuna nazi. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawa moto. Mwari hasemi mbele ya ami yake, tena juu ya ndoa yake mwenyewe, lakini niliona nikinyamaza nimekwisha.

"Shikamoo, ami," nikapaza sauti.

"Marahaba," akajibu, maana salamu haiachwi.

"Ami, ulitumwa kuchunguza kampuni ama kuchunguza mtu? Mimi naolewa na ubao?"

Mtume! Mama alinifinya paja nikaona nyota. Baba akaniita mtovu wa adabu, akasema ndiyo mambo ya uhuru haya, kila mtu ana kauli. Ami alivaa viatu akaenda kwake, nami nikalia juu ya mbuzi ya nazi hadi mama akaniondolea kifuu mkononi.

Kesho yake mke wa ami alikuja kutuambia kwamba mumewe amevuka tena, bila kuaga mtu. Siku hiyo sikufaa kwa kazi yoyote. Nilipika vitumbua, vikaungua. Mara najipa moyo, mara najiona niko Kisauni, naitwa mama na wanawake walionizidi umri.

Ami alifika baada ya alasiri. Akaketi na baba, akaomba maji, akayanywa polepole. Wallahi nilitamani nikamnyang'anye ile kata.

"Haya, hiyo kampuni?" baba akauliza.

"Ipo. Jana nilisimama mlangoni kwake! Yule fundi wa rangi alikuwa akilifuta hilo hilo jina ninalouliza. Sasa wameandika jingine, la mambo ya taifa, wala sikulishika."

"Na kijana?"

"Leo sikuuliza jina la kitu. Nilingoja adhuhuri, nikaingia uani kwao. Wametandika mikeka kivulini, makarani, madereva, wapakia mapipa. Wakanitaka mimi niswalishe kwa mvi zangu, nikakataa, nikasema atangulie mwenyeji. Akatangulia kijana mmoja. Rukuu na sijida zake zimetulia, hakimbizi. Tulipomaliza akaja kunipa mkono, nikamwuliza ni mtoto wa nani. Akanitajia." Ami akaweka kata chini. "Ni yeye."

Baba hakukubali kushindwa upesi. "Lakini kazi yake hasa ni kazi gani?"

"Sijui, na sidhani kama yule Mzungu naye ajua. Lakini mimi nimeswali nyuma yake. Leo nimwambie hafai kuingia nyumbani kwetu?"

Baba akamwita mama, akamwambia apeleke neno Changamwe, waje. Mimi nikakaa pale pale sakafuni nyuma ya pazia, buibui la mama nimeliuma kwa meno, nisisikike nikicheka.