Bic Yenye Ililia ku Ukuta Yetu

Harufu ya plastiki ya waya yenye kuungua, hiyo njo ilikuwa harufu ya nyumba yetu kule Ruashi, mwaka ile tuliachaka kupikia ku moto ya makala. Papa alileta réchaud, jiko ya umeme, mama akatupa mbabula, ile jiko ya makala, inje, na bukari, ugali yetu, ikaanza kuiva mbio, mama anaimba. Courant, ule umeme, ilitoka wapi? Sikuuliza. Papa alisema ameitengeneza, na kwangu mimi, kama papa amesema, maneno imeisha.

Lakini kila saa ya bukari, taa ya jirani yetu Mama Ngalula, mujane, ilikuwa inafifia. Frigo yake inazima, samaki yake ya kuuzisha inaoza. Siku moja akaita fundi. Huyo alikuja na kadude kama bic ya kuandikia. Hakugusa waya hata moja. Alikapitisha tu karibu na ukuta, na fasi yenye courant inapita, kanalia pii, pii. Batoto bote tulijaa kuangalia.

"Kapeleke kwa papa yake," mumoja akasema, ananionyesha kidole. "Njo mwizi wa courant."

Damu ikanipanda. Nikakamata fundi ku mukono. "Kuja kwetu. Pitisha ku kila ukuta, bantu bote baone."

"We mwana, acha," papa akasema pa mulango, polepole.

"Hapana, papa. Leo batakuomba pardon."

Hata Mama Ngalula akasema, "Acha tu, mwanangu." Sikusikia. Nilibavuta bote mpaka mu salon. Ukuta ya kwanza, kimya. Nikacheka, nikabatukana. Halafu, nyuma ya picha ya Bikira Maria, ile bic ikalia. Fundi akafuata sauti chini, inje, pembeni ya lupango, kiwanja yetu, mpaka ku waya ya nyumba ya Mama Ngalula. Hakuna mwenye alicheka. Papa alikuwa anaangalia viatu yake.

"Mama, unisamehe," akamwambia Mama Ngalula.

Papa hakunipiga. Ningependa anipige. Mangaribi mama alienda kuokota mbabula, na hakuimba.

Leo niko fundi wa courant, nilijifundisha mimi mwenyewe, na bic kama ile iko mu mufuko yangu. Papa amezeeka. Mutu akimusema mubaya, mimi na huyo mutu tungali tunapigana, lakini siiti tena bantu baje kuangalia. Na kila nyumba yenye naingia, kabla ya kuwasha ile bic, naambia kwanza batoto baende kucheza inje.