Tafuta Jina Langu

Habari ya kifo chake niliipata kwenye grupu la kazi, lile tunalochatia kwenye kompyuta za ofisini, ikiwa imebanwa kati ya ujumbe wa gari lililokwama porini na swali la nani anataka chipsi mchana. "Jamani, dada yetu wa picha amefariki asubuhi hii hospitali." Aliyeuliza habari za chipsi alifuta swali lake haraka, kana kwamba ndilo lililoua. Mimi nilibaki nimekodolea macho jina la grupu pale juu, Masoko, na wazo la kwanza lililonijia lilikuwa la kijinga kabisa: sasa nani atatuonyesha mafaili yalipo? Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua jinsi mimi na kompyuta tusivyopikika chungu kimoja. Huyu ndiye aliyekuwa akitusuluhisha.

Kwa wasiojua, safu hii hainishibishi, kwa hiyo siku kadhaa za wiki naandika matangazo ya kampuni ndogo ya utalii pale Kijenge. Yeye alikuwa akipokea picha kutoka kwa madereva na waongoza wageni wa Mlima Meru, anazichambua, anazihifadhi. Sasa, programu yetu ina tabia moja. Ukifungua grupu la kuchati, yenyewe inatengeneza folda ya mafaili na kuipa jina lilelile la grupu. Siku ukibadilisha jina la grupu, folda haina habari. Inabaki na jina la kwanza. Grupu la picha lilifunguliwa kwa jina lake, maana wakati ule kila picha ilipitia kwake. Baadaye bosi akaliita Picha za Wageni, halafu Picha na Video, halafu aliporudi kutoka semina fulani akiwa na maneno mapya mdomoni, akaliita Masoko. Sisi tukawa tunaingia kwenye hifadhi kutafuta folda ya Masoko, hatuioni, tunaanza kelele kwamba kazi ya mwezi mzima imepotea. Yeye wala hageuki. "Tafuta jina langu," anasema, huku anachovya andazi kwenye chai. Tulicheka kila mara, na kila mara tulisahau.

Siku moja kabla ya maziko tulikwenda nyumbani kwao, Akheri. Tulipofika penye njia panda tukasimama kumuuliza mama mmoja anayeuza ndizi wapi kuna msiba, tukamtajia jina lake, jina lile la ofisini. Akatikisa kichwa. "Huyo hatumjui. Hapa kuna msiba mmoja tu, wa Mama, kwa yule mzee mwenye ng'ombe wa maziwa." Tukashukuru, tukadhani ni msiba wa bibi kizee fulani, na dereva akaanza kugeuza gari. Tulikuwa tumeshaelekea chini yule mama alipopiga ukelele nyuma yetu. "Hebu ngojeni! Huyo wenu alikuwa anashughulika na watalii?" Ndiye. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kike, akapewa jina la mama mzaa baba, kama desturi ya huko inavyotaka. Baba yake hakuweza kumtaja mama yake kwa jina kila anapomwita mtoto, kwa hiyo akamwita Mama, na nyumba nzima ikafuata, na majirani wakafuata nyumba. Tulikaa naye ofisini miaka yote ile na ilibaki kidogo tuupite msiba wake. Niliona aibu, na hata leo nikipita barabara ile inanirudia.

Sebuleni walikuwa wameweka picha yake juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Ilikuwa imekuzwa kutoka kwenye kitambulisho: macho yamekodolewa, mdomo umefungwa, shingo imenyooka. Tukamwamkia mama yake shikamoo, akaitikia, akatupa pole ya safari, halafu akainyooshea picha ile kidole. "Huyo si mwanangu," alisema. "Huyo ni mtu wa kitambulisho. Mwanangu alikuwa anacheka. Simu yake imefungwa kwa namba, hakuna anayeijua. Ninyi mlikuwa naye kila siku na mapicha yenu, nitafutieni anayecheka. Kesho asitolewe humu ndani na uso huu." Hakulia aliposema hivyo. Angelia ingekuwa nafuu kwetu.

Tulirudi mjini mbio, maana fundi wa fremu pale Ngarenaro alituambia atatungoja mpaka jioni, si zaidi. Njia nzima tulijiuliza kama kuna aliyewahi kumpiga picha. Alikuwa nyuma ya picha za kila mtu. Wazungu waliofika kileleni, wapagazi, mpishi, hata mimi na kitambi changu, yeye hayumo. Tukafungua hifadhi ya mafaili tumesimama, tumeizunguka meza yake. Kwa woga au kwa mazoea, sijui, tuliandika Masoko. Hakuna kitu. Tukaandika Picha za Wageni. Hakuna. Hapo wote tulishajua la kufanya, na hakuna aliyetaka kuweka vidole vyake kwenye zile herufi. "Andika wewe, mzee," dereva akaniambia taratibu. "Wewe ni mwandishi." Nikaandika jina lake. Naapa nilimsikia marehemu mwenyewe nyuma yangu akilitamka lile neno lake la kila siku, pamoja na sauti ya kikombe kikitua kwenye sahani. Sikugeuka. Nadhani hakuna aliyegeuka.

Folda ikafunguka. Picha moja tu, katikati ya maelfu ya milima na twiga. Mwongoza wageni mmoja alikuwa akijaribu kamera mpya ya ofisi, akamfyatulia ghafla akiwa na andazi mkononi, kichwa kimeenda nyuma, macho yamefumba kwa kicheko. Yeye mwenyewe ndiye aliyeihifadhi. Fundi wa Ngarenaro alitukatia mbao hapohapo, hakutuuliza mengi, na tulifika Akheri mlima ukiwa umeshaingia mawinguni. Mama yake aliichukua ile fremu kwa mikono miwili. "Ndiye," akasema, na hapo ndipo akalia. Baada ya muda akaniuliza tumemkuta wapi. Nikamwambia kwenye kompyuta, mama, kwenye folda yenye jina lake. "Jina lipi?" Nikalitaja. "Hilo ni la shule," akasema, akijifuta macho kwa pembe ya khanga. "Lakini liacheni huko likae. Huku tuna letu." Nikamwahidi.

Jumatatu baada ya maziko, kitone cha kijani kiliwaka pembeni ya jina lake kwenye programu ya kuchati, kumaanisha yupo kazini. Ofisi nzima tuliganda. Dada wa mapokezi akasimama akatoka nje. Kumbe mtaalamu wa kompyuta alikuwa ameingia kwenye akaunti yake ili aifunge, na alipoifunga likatokea jambo baya zaidi: kila ujumbe wake wa miaka yote, za asubuhi jamani, keki iko jikoni, poleni na foleni, ukaandikwa umetoka kwa mtumiaji asiyejulikana. Mahali tulipozungumza naye kila siku palimsahau kwa mchana mmoja. Folda ambayo hakuna anayeitazama ndiyo iliyobaki naye. Mji wetu una kona na vituo vinavyoitwa kwa watu waliokwisha kufa kabla sijazaliwa, duka limebomolewa, mibuni imekatwa, na bado tunasema nishushe kwa fulani. Nilikuwa naona ni uvivu wa kubadilika. Siku hizi nauheshimu uvivu huo. Mtaalamu alipotaka kulibadilisha na jina la folda lifanane na grupu, nilimjia juu kwa ukali ambao hata mimi ulinishangaza. Akaniacha na folda yangu.

Sasa amekuja msichana mwingine, anakalia kiti kilekile. Wiki iliyopita alinijia mezani. "Shikamoo mzee. Samahani, huyu ni nani? Kila nikihifadhi picha naona zinakwenda kwake." Alikuwa ananong'ona, kama mtu anayehofu kwamba anasikilizwa. Nikamwambia yote, andazi, kitambulisho, njia panda ya Akheri. Akasema basi ataendelea kumpelekea. Nikamuuliza swali ambalo kwa yule mwingine sikuwahi kuliuliza, na ambalo nawasihi nanyi mmuulize anayekaa meza ya pili, leo, kabla chai haijapoa: "Na wewe, kwenu wanakuitaje?" Akacheka kwa haya, akaniambia. Sitaliandika hapa, ni la kwao. Lakini siku nikilihitaji, sitasimama njia panda nikiuliza jina lisilojulikana.