Batuli wa Stesheni na Hadithi Isiyofika Tabora

Wasomaji watukufu, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, mnatangaziwa kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu wino uingie katika nchi hii, mtafunuliwa siri ya hadithi: kwa nini mtu mwenye njaa, usingizi na kazi ya kesho huyasahau yote matatu kwa ajili ya watu ambao hawajapata kuzaliwa. Wanaotaka kutunga vitabu wasogee karibu.

Mwandishi aliifuata siri hiyo akiwa na kalamu mbili na uso wa heshima. Mwenye siri alimtazama kidogo, akasema: "Sogea, mwanafunzi. Umesimama juu ya kuni zangu."

Ni saa kumi na mbili jioni, Dodoma. Gari la moshi kutoka pwani limesimama, na kwa kuwa halisafiri usiku, abiria wa Tabora watalala hapa mpaka alfajiri. Wanateremka na mikeka, kuku na watoto, upepo unawajaza vumbi machoni, na pua zinawaongoza nyuma ya uzio wa stesheni, kwenye banda la Bibi Batuli binti Yahaya.

Bibi Batuli ni mwenyeji wa Kondoa. Ni mwembamba, na bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Anasonga ugali wa uwele kwa mikono miwili, huku chungu cha mlenda kikichemka pembeni. Bakuli ni hela tano za Kijerumani. Anayetaka nyama anaambiwa angefika jana.

Wateja wakishapata chakula na kuanza kugombea nafasi ya kukaa, yeye anaanza, bila kuinua macho.

"Palikuwa na mwanamke aliyekuwa akibadilisha bega."

Hataji kijiji, wala ukoo, wala kwamba alikuwa mwema. Ugomvi wa nafasi unakwisha wenyewe.

"Bega lina nini?" anauliza mzee mmoja mwenye kanzu.

"Lina chumvi."

"Si aitue apumzike!"

"Akiitua nani atamtwika tena? Yuko peke yake, baba."

Kidogo kidogo wanapata yaliyobaki. Mtemi mmoja alimshika mumewe, mpagazi, kwa sababu msafara ulipita bila kulipa hongo, ule ushuru wa njia. Mkewe akaambiwa: lete mzigo mmoja wa chumvi kavu kabla mwezi haujaandama, umchukue mume wako. Sasa anatembea, chumvi begani, mwezi umebaki mwembamba kama ukucha. Na mbele yake kuna wingu.

"Kubwa?" anauliza mzee.

"Dogo. La kufunika mbuzi mmoja."

Hakuna anayetafuna. Wingu linakua, linafunika mbuzi wawili, linafunika zizi. Mwanamke anatazama huku na huku, na nchi ni tambarare, haina hata jiwe la kujifichia. Anavua kaniki yake, anaufunika mzigo.

"Tone la kwanza likamwangukia kwenye kiwiko," anasema Bibi Batuli. Kisha anainuka. "Bakuli zangu zirudi nzima."

"Mama! Na chumvi?"

"Kesho."

"Kesho mimi niko Tabora!"

"Basi utakuwa Tabora ukiwa na wasiwasi," anajibu, na kwenda kuosha mwiko.

Hapo ndipo kosa lake lilipo, na analijua. Ni kosa la mtu aliyejifunzia kazi njiani, kwa miguu.

Zamani, kabla ya reli, Bibi Batuli alifuata misafara pamoja na mumewe Hassani, aliyebeba nyaya za shaba kutoka Bagamoyo. Safari ilichukua miezi mitatu. Wake za wapagazi walipika na kubeba vyungu. Jioni watu walikaa kambini, na yeye alisimulia hadithi moja tu, ileile, iliyoanza pwani na kwisha siku miembe ya Tabora ilipoonekana.

"Watu wale wale," anasema. "Moto ule ule. Nikisema 'yule mzee wa jana', wote wanamjua. Mtu akiugua, wenzake wanamsimulia akiwa mkekani. Siku hizi nasema 'yule mzee' na mtu ananiuliza, mzee gani? Ameteremka sasa hivi, ana kuku mkononi."

Mnyapara wa msafara aligundua faida ya hadithi hiyo mapema. Kabla ya Marenga Mkali, nyika isiyo na maji inayomlaki mtu anapoingia Ugogo, wapagazi walikuwa na desturi ya kutoroka. Mnyapara akamwomba Bibi Batuli aikate hadithi jioni hiyo, palepale, mahali pabaya kuliko pote.

"Nikakata kwenye tone la mvua. Asubuhi tukahesabiwa, hajakosekana mtu. Mmoja alikuwa amefungasha kabisa. Akaniambia, 'Batuli, Mungu atakulipa, ningekuwa kwetu sasa.' Tangu siku ile mnyapara aliniondolea chungu kimoja."

Mwandishi, kwa sauti ya mtu mwenye elimu, aliuliza kama siri yote basi ni kukata.

"Kukata nini! Hata mpumbavu anajua kunyamaza. Ukikata hadithi ya mtu wasiyempenda, wanakwenda kulala. Kwanza wampende. Wakishampenda, wingu dogo linatosha."

"Na unawafanyaje wampende?"

"Usiwaambie mzigo ni mzito. Kila mzigo ni mzito. Waambie amebadilisha bega. Watausikia wenyewe begani mwao."

Jirani yake Dorkasi, Mgogo anayeuza maziwa mgando hatua chache kutoka hapo, hakuweza kuvumilia sifa hizi. "Anawaliza, halafu wanakuja kwangu kupoza koo," alisema. "Mimi sijui hadithi. Lakini wa kwangu wanaondoka wakijua maziwa yamekwisha."

Bibi Batuli alicheka, kisha akauweka mwiko chini. Hassani alifanya kazi ya kujenga tuta la reli, akafa kwa homa hapahapa, na amezikwa ng'ambo ya njia ya gari.

"Hassani aliijua hadithi yote," alisema. "Aliisikia safari saba. Na bado, nikifika penye wingu, aliacha kutafuna. Nilikuwa namtazama yeye. Akiacha kutafuna, najua usiku huo nimefanya vizuri."

Kwa hiyo anakata palepale, ingawa kesho watu hawapo. Mara kadhaa amejaribu kuifupisha imalizike kwa mlo mmoja. "Inakuwa taarifa," anasema. "Mwanamke alibeba chumvi, mvua ikanyesha, hiki kikatokea. Nani atampenda mwanamke wa namna hiyo? Hujatembea naye."

Matata yalianza mwezi uliopita. Abiria waliokuwa wakirudi kutoka Tabora walifika bandani wakiwa tayari na mwisho wa hadithi. Tena si mmoja. Mchuuzi wa nguo alidai kwamba chumvi iliyeyuka na mwanamke akampiga mtemi kwa mpini wa jembe. Mpagazi wa Kinyamwezi akamwita mwongo: mume alikuwa amekwisha kuoa binti ya mtemi. Wa tatu akaapa kwamba wingu lile lilikuwa jini. Maneno yakaleta mikono, mikono ikaangusha chungu.

Shaaban, mnyapara wa makuli wa stesheni, alitumwa na mkubwa wake kuleta ujumbe. Mwandishi alikuwapo.

"Shikamoo, mama," alisema Shaaban, akitazama viatu vyake.

"Marahaba. Sema, baba, usiyatafune maneno."

"Bwana Stesheni amesema, kelele za namna hii zikitokea mara moja tena, banda linavunjwa. Wewe unarudi Kondoa."

"Kondoa kuna nani? Ndugu yangu ana wake watatu na nyumba moja."

"Mimi nimetumwa tu, mama."

"Najua. Kula kwanza."

Alipoondoka, Bibi Batuli alitazama ng'ambo ya reli, mahali pasipo na kitu cha kutazama isipokuwa michongoma. "Hawagombani na mimi," alisema taratibu. "Kuna mtu anawauzia mwisho wangu. Nani anaweza kufanya hivyo?"

Mwandishi alikubaliana naye kabisa kwamba mtu wa aina hiyo anastahili adhabu kali, akauliza kama mlenda umebaki.

Ubaki au usibaki, Bibi Batuli ana tumaini moja, na alilitaja kwa kunong'ona. Masika iliyopita mafuriko yalikula tuta upande wa Kilosa, magari yakakatika, na abiria wakakwama Dodoma wasijue la kufanya. Alisimulia jioni baada ya jioni, watu wale wale, moto ule ule, mpaka mwanamke akaliona boma la mtemi kwa mbali. Kisha reli ikatengenezwa.

"Zilibaki jioni mbili nimalize," alisema. "Watu wote wanaomba reli ipone. Mimi naomba Mungu anisamehe. Nataka kuimaliza mara moja tu kabla sijafa. Tangu Hassani, hakuna aliyeisikia yote."

Jumamosi iliyofuata, ambayo ni siku ya ruhusa kwa wanafunzi, gari la kutoka Tabora liliingia mapema. Mchuuzi wa nguo alikuwamo tena. Mpagazi naye alikuwa hajaondoka Dodoma. Walionana, na mmoja akakunja mkono wa kanzu. Shaaban akaanza kuja mbio kutoka stesheni.

Bibi Batuli aliinua mwiko.

"Kaeni! Leo mimi ndiye abiria, ninyi mnisimulie. Wewe wa nguo, anza. Mtemi alipokwisha kupigwa?"

"Akaondolewa utemi, mama. Akahukumiwa kung'oa visiki vitano."

"Haya. Na wewe, yule mume mwenye mke wa pili?"

"Wazee wakamhukumu," alisema mpagazi. Akasita. "Kung'oa visiki."

"Na jini?"

Aliyekuwa na habari za jini hakuwapo, lakini watu wawili walikuwa wamemsikia siku ya ugomvi, wakajibu pamoja: "Visiki!"

Mchuuzi na mpagazi walitazamana. Mkono wa kanzu ukakunjuliwa.

"Nimepita kwa watemi wa nchi hii kwa miguu yangu," alisema Bibi Batuli. "Wanatoza nguo, wanatoza ng'ombe, mmoja alitaka mwavuli. Sijamwona bado mtemi anayehukumu watu kung'oa visiki. Dorkasi, wewe ni wa hapa. Unamjua?"

"Namjua mmoja," alisema Dorkasi. "Yule mzungu wa shule ya misheni. Kila nikipita na maziwa yangu naona watoto wanalia na majembe kwenye visiki."

Macho yote yakageuka. Mwandishi alikuwa ameshika bakuli, na ghafla akaona lina mambo mengi ya kutazamwa ndani yake.

"Hata uongo una mwenyewe," Bibi Batuli alimwambia, bila hasira. "Mtu akitunga, anatia humo mahali panapomuuma. Wewe umetia visiki. Mimi nilitia bega langu."

Wasomaji watukufu, ni mimi.

Alfajiri, wenzangu wanapokwenda kuteka maji, nilikuwa napita chini ya uzio na kwenda kwenye madirisha ya mabehewa. Nilisema nimetumwa na mama wa hadithi. Behewa la kwanza niliwapa mwisho mmoja, la pili mwingine, la tatu jini, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nilicheka njia nzima ya kurudi. Sikuwaza kwamba chungu kitaanguka mpaka nilipokiona.

Niliyakiri hayo palepale, mbele ya Shaaban, ambaye alikwenda kuyaeleza stesheni. Alirudi na jibu kwamba banda litabaki, na mimi nitapelekwa kwa mwalimu wangu nikiwa nimeshikwa sikio. Nilipelekwa hivyo.

Bibi Batuli alikuwa na sharti lake mwenyewe. Asubuhi yake, kabla filimbi haijalia, nilisimama nje ya mabehewa, Dorkasi akiwa nyuma yangu na kibuyu cha maziwa asinipe nafasi ya kukimbia. Nilisema kwa sauti kwamba miisho yote niliyokuwa nikiigawa ni ya uongo.

"Wa kweli ni upi, basi?" aliuliza mama mmoja dirishani, mtoto mgongoni.

"Siujui, mama."

"Sasa kwa nini ulitunga?"

Nilitaka kusema ni mzaha, maana ndivyo nilivyomwambia mwalimu. Lakini shule inanipa Jumamosi moja moja tu, na kila Jumamosi nimefika kwenye tone lile la mvua na kurudi shuleni. Gari lilianza kuvuta. Nikatembea kando ya dirisha.

"Nimelala siku nyingi huku yule mwanamke yuko mvuani, mama," nilisema. "Sikuweza kungoja."