Muosha wa Maskati na Mtungi Aliokataa Kuuosha

Jua halijapanda juu ya majabali ya Maskati, na lango la mji ndiyo kwanza limefunguliwa. Bi Masouda binti Bakhit anaingia na kapu lake kichwani. Amekuja kwa miguu kutoka kijiji cha Sidab. Sokoni hasimami. Anakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Sheikh Thabit, mfanyabiashara anayekusanya vitu vya kale, anavua viatu na kuteka maji kisimani.

Kabla ya kugusa kitu, anatandika shuka nyeupe.

Ghalani mna vyungu, pete za shaba, visu vilivyoliwa na kutu, na sakafu nzima ya vijiwe vya rangi iliyoletwa kutoka Sham ndani ya masanduku. Vijiwe vyenyewe ni vidogo kama punje za mahindi, vimepangwa hata vikawa ndege na mizabibu. Bi Masouda anafunika kipande chote, anafunua upande wa kulia peke yake, anausugua taratibu kwa kitambaa, anaumwagia maji, anaufunika tena. Ndipo aende kushoto.

Aliyewahi kuona maiti ikioshwa ataijua mikono hii.

"Unguja nimeosha wanawake wa mtaa mzima," anasema. "Hapa nnaosha mawe. Mkono ni huo huo, haujajifunza kazi nyengine."

Marhoon, mtunza ghala, naye mtu wa Unguja, hachoki kumtania.

"Ndege huyo ana aibu gani, Bi Masouda, hata umfunike?"

"Na wewe siku yako utataka ufunikwe."

Marhoon anacheka, kisha anasogea mlangoni, kicheko kimemwishia.

Bi Masouda alifika Maskati mwaka 1964, miezi michache baada ya mapinduzi ya Unguja. Mumewe, Sleyum, alitoka nyumbani asubuhi moja ya Januari ile, hakurudi. Wapi alilala, nani alimfukia, mpaka leo miaka mitano hakuna aliyemwambia. Sharia humruhusu mke kumuosha mumewe.

"Ilikuwa haki yangu. Sikuletewa hata kofia yake."

Kazi ya ghalani inampa rupia thelathini kwa mwezi. Ndizo zinazomlisha yeye na mkwewe, Bi Nasriya, mama wa Sleyum, ambaye macho yake hayaoni tena. Wiki hii kazi hiyo iko hatarini, na sababu ni mtungi mmoja wa udongo ulioko pembeni, umefunikwa shuka.

Walioufukua huko bara ya Omani, chini ya lundo la mawe, walikuta ndani yake mifupa ya mtoto. Kesho Sheikh ana wageni. Anataka mtungi uoshwe na mifupa ipangwe kwenye sinia, waitazame. Bi Masouda amekataa.

"Huyo ni wa zamani mno, Uislamu wenyewe haujafika," Marhoon anamwambia. "Utamsalia vipi?"

"Simsalii, wala simuoshi, dini yake siijui. Nnachosema arudi mchangani. Mtu hapakuliwi kwenye sinia."

"Utafukuzwa. Na yule bibi atakula nini?"

Bi Masouda anakamua kitambaa.

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi," anasema. "Lakini sinia siitengezi."

Jua limeshaingia uani Sheikh Thabit anaposhuka mwenyewe. Ni mtu mpole, hakuja kugomba. Anauzunguka mtungi, mikono nyuma.

"Ukipewa, utamweka wapi?"

"Sidab, chini ya jabali, nje ya ukuta wa makaburi. Mchimbaji nimeshasema naye."

"Basi mchukue. Ila kama amezikwa na shanga, au bangili, hizo niletee."

"Muosha hasemi alichokiona, Sheikh. Ukitaka kujua, tia mkono wewe."

Marhoon anainamisha kichwa. Sheikh anapandisha mkono wa kanzu mpaka kiwiko, anainua ncha ya shuka, anachungulia kile kiza cha mtungi. Anasimama hivyo. Kisha anaishusha ncha ya shuka polepole, na mkono wa kanzu anaurudisha chini.

"Kamzike," anasema. "Mtungi niachie."

Leo baada ya alasiri Bi Masouda atarudi Sidab na kapu lake, na ndani yake kilichofungwa kwa shuka ile nyeupe. Kesho atakuja mapema auoshe mtungi, kulia kwanza, kisha kushoto, wageni waukute safi. Shuka nyengine atakata.

Akiulizwa anataraji nini baada ya haya, hazungumzii rupia wala ghala. Anakunja kitambaa mara mbili, anakiweka juu ya goti.

"Nnataraji na Sleyum alipata mtu," anasema. "Mtu asiyemjua, akamfukia. Na alichokiona, akanyamaza nacho."