Finjani Tisa Kabla ya Nizwa

Kwa nini baba yangu hakuweza kutikisa finjani? Nimesoma mpaka chuo kikuu, nimeolewa, nimelea na nimezika, na swali hilo bado sina jibu lake. Wenzangu mliokulia Oman mnajua ninachosema. Asiyejua na aelewe kwamba kwetu anayemimina kahawa hakai chini. Amesimama mbele yako na birika, na kila unapomaliza anakujazia tena, mpaka uitikise finjani kidogo kwa vidole, ndipo ajue kuwa umetosheka. Mtoto wa miaka mitano anaiweza ishara hiyo. Baba yangu, aliyepata kumwambia mkubwa wake wa idara ya maji, uso kwa uso, kwamba mpango wake wa mabomba ni upuuzi mtupu, hakuiweza. Akinywa, akijazwa, akinywa tena, huku akitabasamu kama mtu anayepigwa picha. Na kwa sababu ya tabasamu hilo, utoto wangu wote ulikwisha sijaziona ndege za kivita za Hanta.

Nakumbuka mji wa Ibra wa mwishoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumetoka Unguja, nami sijatimiza miaka mitano tulipofika. Skuli tukisema Kiarabu cha kuungaunga, nyumbani tukisema Kiswahili, na mama akituhimiza tufunge dirisha kabla ya kugombana, "majirani wasije wakajua tunatukanana kwa lugha gani." Asubuhi tukila mkate wa kumimina na chai ya maziwa ya kopo. Jioni tukicheza nage na mdako kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya mitende, mpaka magoti yakawa na rangi ya ardhi. Hatukuwa na vitu vya kuchezea vya dukani. Ndege zetu tukizichonga kwa makuti ya mtende, mbawa zikiwa vipande vya kopo vilivyotukata vidole, na hakuna mzazi aliyekimbilia hospitali kwa sababu ya kidole. Leo mtoto akikwaruzwa, nyumba nzima inaandikiana ujumbe.

Zile za kweli zikipita juu sana. Sauti ikitushukia ghafla, sufuria zikilia rafuni, kuku wa jirani wakiingia chini ya pikapu, nasi tukitoka mbio na unga mikononi. Tukifika uani, mbingu ni tupu. Umebaki mstari mweupe unaoyeyuka. Miaka nenda miaka rudi niliishi na sauti isiyo na mwili. Kilichonitia wazimu ni picha moja niliyoikata kwenye gazeti na kuibandika ndani ya mlango wa kabati langu: Hanta imeinama ubavu, mbawa zimelalia nyuma, pua nyembamba, tumbo jeupe. Watu wazima wakizicheka. Ni kuukuu, wakisema, zimeshatumika kwengine kabla ya kuja kwetu. Mimi sikujali. Mtoto haulizi umri wa kitu anachokipenda.

Kila sikukuu ya taifa palikuwa na maonyesho ya ndege kwenye uwanja nje ya Nizwa, na kila mwaka baba akiahidi kutupeleka. Mara ya kwanza, nikiwa na miaka tisa, tulichelewa kwa sababu ya kahawa ya jamaa mmoja wa baba huko Fanja, nami nikarudi nyumbani na kichwa cha hasira. Siku ya pili Abla Karima, mwalimu wetu kutoka Misri, akatutaka tuandike insha juu ya siku ya furaha tuliyoiona kwa macho yetu. Sitajitetea. Niliandika kurasa nne. Nilieleza jinsi mngurumo ulivyotangulia kutoka mbali, ukakua, ukakua, mpaka Hanta nne zikatokea nyuma ya mlima kama visu. Abla aliisoma mbele ya darasa, akaifuta miwani yake, akaibandika ukutani.

Nyuma yangu akikaa Zuwena, ambaye kaka yake alikuwa fundi kwenye uwanja wa ndege. Aliniinamia sikioni.

"Umesema sauti ilitangulia?"

"Ndiyo."

"Sauti inakuja nyuma, Zinjibariya. Kwanza inapita ndege, kimya kabisa, halafu ndo ulimwengu unapasuka."

"Labda za kaka yako mbovu," nilimjibu.

Alicheka mpaka Abla akamgeukia. Lakini tangu siku hiyo nilijua kuwa anajua. Mwaka uliofuata mambo yakazidi kuharibika, kwani Abla alitangaza kwamba baada ya sikukuu nitasoma insha mpya, safari hii mbele ya skuli nzima, kwenye foleni ya asubuhi. Zuwena alinyanyua mkono akauliza kwa adabu kama wasikilizaji wataruhusiwa maswali. Abla akasema bila shaka.

Basi mwaka ule nilihitaji kuziona Hanta kama mgonjwa anavyohitaji dawa. Tuliondoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, baba kwenye usukani, bibi mzaa baba dirishani, mimi katikati na kapu la sambusa magotini. Mama alibaki na mtoto mchanga. Ndege zingeruka saa nne na nusu. Wakati ulikuwa tele. Tulifika njia panda ya Bidbid jua ndiyo kwanza linapasha. Nizwa ilikuwa kushoto. Baba akakunja kulia, kwenda Fanja.

"Dakika tano tu," alisema, kabla hajaulizwa.

"Nasor," bibi akasema, "dakika tano za saa yako au za saa ya Saif?"

"Mama, hatuwezi kumpita Ami Saif mlangoni bila ya kumsalimia."

"Mlangoni gani? Mlango wake uko kulia, sisi twenda kushoto."

Ami Saif alikuwa binamu wa marehemu babu yangu, mtu ambaye hakuwahi kutoka Oman, na tulipofika kutoka Unguja bila ya makaratasi ya kueleweka ndiye aliyekwenda ofisini, akala kiapo kwamba huyu Nasor ni wa kwetu, wa nyumba fulani, wa mtaa ule wa zamani juu ya kilima. Bila ya ulimi wake tungebaki wageni. Hilo nalielewa sasa. Lakini je, kiapo kimoja hulipwa kwa finjani ngapi? Mpaka leo sijui kama baba alikuwa akinywa shukrani au akinywa woga.

Bibi aliingia kwa wanawake. Mimi nilikaa kizingitini mwa sabla, chumba chao cha kupokelea wageni, katikati ya viatu vya wanaume, nikihesabu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikaja tende. Ya nne. Ikaja halwa.

"Mbona wautazama mlango, yaa Nasor?" Ami Saif aliuliza. "Ndege ni za serikali, hakuna atakayeziiba. Kunywa."

"Nakunywa, ami, nakunywa," baba alijibu kwa Kiarabu kilichowafanya vijana wa nyumba ile watazamane.

Ya tano. Nilinyanyua mkono wangu pale mlangoni, nikautikisa kama nimeshika finjani, kulia, kushoto. Baba aliniona. Naapa aliniona, macho yetu yalikutana juu ya sinia la tende. Kisha akanyoosha finjani yake ijazwe. Ya sita. Ikaja habari ya mgonjwa wa mji wa Adam, na ya kisima kilichokauka, na ya nani amemposa nani. Ya saba. Ya nane. Katika ya tisa sauti ikapasuka juu ya paa, vyombo vikalia, nami nikaruka viatu na kutoka nje. Nikaona vichwa vya mitende vikitikisika na mstari mweupe.

"Zaenda Nizwa," kijana mmoja alinieleza kwa upole, na kabla hajaimaliza sentensi yake nadhani zilikuwa zimeshafika.

Baba aliendesha kama mwendawazimu, jambo ambalo lilinikera zaidi, kwani haraka yote ile alikuwa nayo siku zote na hakuitumia pale ilipohitajika. Karibu na Izki tulianza kukutana na magari yanayorudi, watoto wamesimama nyuma ya pikapu na vibendera, nyuso zimeiva kwa jua na furaha. Dereva mmoja alituwashia taa, akateremsha kioo, akatupigia kelele kwa moyo mwema kabisa kwamba imekwisha, turudi. Baba akaegesha kando. Tukakaa. Bibi akafunua kapu.

"Kuleni," alisema. "Tumekuja kuitazama barabara."

Ndipo nilipolia, na ndani ya kilio nikasema yote: insha ya mwaka jana, kurasa nne, foleni ya kesho, maswali ya Zuwena. Baba alinisikiliza mikono ikiwa kwenye usukani wa gari lililozimwa.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Angekwambia saa ngapi," bibi akadakia, "nawe mdomo umejaa kahawa?"

Baba akasema taratibu, "Useme umeziona. Sauti umeisikia, si uongo mtupu. Ukisema hukuziona, wataulizana, na itajulikana kuwa na za mwaka jana hukuziona. Watasema Wazinjibari waongo. Halafu watauliza nani aliyewaleta watu hawa. Na jina la Ami Saif limo humo ndani."

Alisema kweli, na ndiyo maana nilimkasirikia. Jioni ile niliandika. Iliniteremkia kwa urahisi wa kutisha: kurasa nne tena, na safari hii ndege zilipita kwanza, kimya, ndipo ulimwengu ukapasuka. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Zuwena mwenyewe asingepata pa kushika. Niliisoma mara mbili na nikajiogopa. Baada ya Magharibi nilimfuata bibi alipokuwa akikunja mswala, nikamwambia kuwa nimeamua sitaisoma, nitasema kweli.

"Na baba yako?"

"Atakasirika."

"Basi chai usinywe kesho," alisema. "Utatetemeka vya kutosha bila ya chai."

Mwaka juzi nilimchukua binti yangu kwenye maonyesho ya ndege za zamani katika nchi ya jirani. Palikuwa na Hanta moja, imepakwa rangi upya, na sisi watu wa makamo tumeisogelea kama jamaa wa marehemu. Tulifika saa mbili kabla ya wakati; barabara ni pana, hakuna aliyetualika popote, hakuna jamaa hata mmoja njiani anayejua kuwa tumepita. Ilipoinuka na kutupitia, kimya, kisha sauti ikatupiga kifuani, nilimgeukia binti yangu nikamkuta ameinamia simu. "Nimeipata yote, mama," alisema. "Tutaitazama nyumbani." Nilimuuliza tumbo la ndege lina rangi gani. Akaanza kuirudisha nyuma video ili anijibu. Nilitaka kugomba, nikashindwa, kwani niliona kuwa mimi na yeye tuna kasoro zinazopishana: mimi niliandika kurasa nne bila ya kuona kitu, yeye ameonyeshwa kitu na hana sentensi moja. Bado nadhani hamu yetu ilikuwa bora. Na barabarani tukirudi, katika lile gari baridi lisilosimama kwa mtu, nilitamani, kwa hasira na bila ya kutaka, pawe na mzee mmoja wa kutupotezea wakati.

Lakini asubuhi ile ya foleni sikuwa na hekima hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na tumbo tupu. Baba aliniteremsha getini, akanitengenezea shungi langu, akasema tu, "Soma vizuri." Foleni ilipangwa, wimbo wa taifa ukaimbwa, Abla Karima akaita jina langu. Nilipanda ngazi tatu za saruji. Nilimpa Abla zile karatasi nne zikiwa zimekunjwa, nikawageukia wasichana wa skuli nzima, na kwa Kiarabu changu cha kuungaunga nikasema kwamba sikuziona ndege, si mwaka huu wala mwaka jana, na kwamba yote yaliyobandikwa ukutani niliyatunga mwenyewe. Kisha nikashuka, nikarudi kwenye mstari wangu, mbele ya Zuwena, nikasimama.