Pikapu ya Juu ya Matofali

Nyuma ya studio ya Mpiga Picha kulikuwa na pikapu iliyotelekezwa na mpangaji aliyemtangulia. Haikuwa na injini wala magurudumu, ilikaa juu ya matofali, na chini ya kiti cha dereva kuku wa jirani alikuwa akitaga. Mtu mwingine angeiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Yeye aliiwekea taa.

Alisubiri jua lizame ili giza limeze matofali. Taa kubwa aliisimamisha juu, upande wa dereva, mbele yake akafungua mwavuli mweupe, mwanga ukalainika na kutu ikaonekana kama rangi iliyochaguliwa dukani. Kwenye matundu mawili ya taa za mbele alichomeka tochi. Mteja akishika usukani na kutazama mbali kidogo, ungeapa ameegesha sasa hivi.

Mkewe alimuuliza kama huo si udanganyifu.

"Nimeandika wapi kwamba linatembea?" alisema. "Mimi naweka taa tu."

Hilo ni jibu la mtu anayelijua kosa lake na ameshalitandikia pa kulala.

Siku moja mpwa wake, fundi seremala, mchapakazi asiye na hata baiskeli, akaingia studio akihema. Picha yake ndani ya pikapu alikuwa ameituma kwa mchumba wake, na shangazi aliyemlea binti huyo alikuwa ameiona.

"Mjomba, nimekwisha. Anakuja kesho kunikagua. Anataka nikampokee stendi ya mabasi na gari."

"Mwambie liko gereji."

"Nimemwambia. Anasema atakuja kuliona huko huko gereji."

Mpiga Picha alifikiri. Mwanamume mwenye msimamo angesema, kamwambie ukweli. Yeye alisema, "Mlete jioni. Kiti chake tutakiweka mbali."

Kesho yake jioni shangazi alikalishwa karibu na ukuta, mahali ambapo lenzi husimama siku zote. Taa ziliwashwa. Pikapu ikang'aa vizuri kabisa.

"Linapendeza," alisema shangazi, akainuka.

"Hapo ulipo ndipo panapofaa, mama," alisema Mpiga Picha. "Ukisogea, mwanga unaharibika."

"Acha uharibike, baba. Mimi sikuja kumwozesha mwanangu kwa mwanga."

Alikwenda moja kwa moja kwenye taa kubwa, akalegeza mguu wake na kuishusha hadi magotini. Matofali yakajitokeza, yote. Kuku akatoka chini ya kiti, akawatazama mmoja mmoja, akarudi ndani.

Mpiga Picha aliyatazama mawingu. Seremala ndiye aliyesema.

"Si langu, shangazi. Langu ni randa na msumeno."

"Na hivyo vitanda unavyosema unatengeneza? Navyo vimewekewa taa?"

"Vitanda ni vya kweli. Twende ukakalie kimoja."

"Nitakikalia. Nitakirukia pia." Akamgeukia Mpiga Picha. "Kwanza mpige tena. Asimame nje ya gari, taa ikae hapo hapo chini. Mwanangu aamue akiwa ameona yote."

Mpiga Picha alisema kwamba mwanga wa chini humfanya mtu aonekane mwizi.

"Basi mwanga huo unamfaa," alisema shangazi. "Piga."

Akapiga. Ilikuwa picha mbaya. Seremala alikodoa macho, kivuli chake kikapanda ukutani kama jitu, matofali yalihesabika, na kuku alikuwa amechungulia mlangoni mwa pikapu. Shangazi aliituma palepale, wakasubiri wote watatu. Jibu lilipofika alilisoma kwa sauti kavu: binti anauliza kuku ni wa nani, na vitanda ni vya ukubwa gani.

Walifunga ndoa. Pikapu bado ipo, na wateja bado wanakuja jioni. Lakini kabla ya kuwasha chochote, Mpiga Picha huwauliza picha inakwenda kwa nani. Wengi hukumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine.