Maiki Namba Tatu

Kanisani kwetu Hombolo mimi ndiye ninayekaa kwenye miksa, mashine ya kuchanganya sauti za maiki. Ni ya kidijitali. Ukishapanga sauti ya kila mwimbaji, unahifadhi mpango mzima kwa namba. Jumapili ukiita namba hiyo, vitufe vya sauti hupanda na kushuka vyenyewe hadi pale ulipoviacha.

Mpango wa kwaya ulikuwa namba moja, na ndani yake maiki ya tatu ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa na sauti ndogo, tena alipenda kusimama nyuma. Nikimwambia asogee, hujibu, "Fundi ni wewe, nifuate." Basi nikamfuata. Maiki yake niliifungua kuliko zote.

Alipofariki, maiki iliachwa mahali pake, imefungwa kitambaa, kama kwaya yetu inavyofanya mpaka matanga yaishe. Matanga yalipoisha akapewa mdogo wake. Nikaita namba moja kama kawaida. Alipofungua kinywa tu, spika zikapiga yowe, na watoto wa benchi la mbele wakaziba masikio.

"Shemeji, umenifungia king'ora?" aliniuliza baada ya ibada.

Mwalimu wa kwaya akacheka. "Huyu amekua akiita ng'ombe wa ng'ambo ya bwawa. Mpunguze, baba."

"Nitampunguza."

Shemeji aliitazama miksa. "Lakini hapo si ndipo ulipompangia dada? Kama unataka pabaki, mimi nitaimba bila maiki. Watanisikia tu."

Nikamwambia aje Jumamosi.

Jumamosi nilimtangulia. Kanisa lilikuwa tupu. Niliita namba moja, kitufe cha tatu kikapanda chenyewe, kikavipita vingine vyote. Nikavaa hedifoni. Nilisikia upepo ukitikisa bati, shomoro kwenye kenchi, na mtu akifagia uwanja wa jirani. Sikutegemea kumsikia mke wangu, mashine hii naijua, haihifadhi sauti ya mtu. Nilitaka kujua tu kama kuna kitu nitakachopoteza. Vilikuwa vipimo vyangu mwenyewe, nilivyoviweka ili nimsikie. Yeye hakuwa ameacha chochote humo.

Nafasi tupu zilikuwa nyingi. Ningeweza kuuhamishia mpango ule kwenye namba nyingine na hakuna ambaye angeuliza. Sikuuhamisha. Ningekuwa nakuja kuuita kila nikipata ufunguo wa kanisa.

Shemeji akafika, akaimba ubeti mmoja, mdomo karibu uguse maiki. Nikashusha kidogo kidogo mpaka sauti ikatulia. Nilipobonyeza kuhifadhi, mashine iliuliza kama ifute mpango wa zamani. Nikakubali.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa. Jumapili simama hapo hapo."